Sokwe jukwaani: Kumbukumbu za wafunzi wao na nusu ya hadithi isiyosimuliwa

KWA miaka 31, Bob na Mae Noell walizunguka majimbo ya mashariki mwa Marekani wakiwa na vizimba, ulingo na sokwe. Kila walipotua, katika uwanja wa maonyesho au pembezoni mwa mji mdogo, mwanamume yeyote aliyejiona shujaa alialikwa kupanda ulingoni ili apigane mieleka na mmoja wa wanyama hao.

Masharti yalikuwa mepesi. Aliyeweza kumlaza sokwe chali, mabega yake yote mawili yakigusa sakafu, angeondoka na zawadi ya fedha. Wachimba migodi, wakulima na wanajeshi walijitokeza, wakavuliwa mashati na kutupwa huku na kule mbele ya wake na marafiki zao. Kwa mujibu wa simulizi za Mae, hakupatikana mshindi hata mmoja.

Maonyesho hayo, yaliyoanza mwaka 1940 na kukoma mwaka 1971, yaliitwa Noell's Ark Gorilla Show. Jina lenyewe lilikuwa chambo. Gorila ni mnyama mkubwa anayewatia watu hofu akitajwa tu, ilhali wanamieleka wa familia ya Noell walikuwa sokwe wa kawaida, ambaye akisimama kwa miguu miwili hamfikii mtu mzima kimo. Watazamaji walipomwona walicheka, wakadhani fedha hizo tayari zimo mfukoni.

Mae, aliyelelewa katika familia ya wasanii wa kusafiri, aliandika kumbukumbu za maisha hayo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1979. Sokwe wake hawakuwa mifugo wala vifaa vya kazi tu. Walikuwa jamaa wa nyumba, kila mmoja na jina lake, hulka yake na vituko vyake.

Kumbukumbu za namna hiyo ni nyingi huko Ulaya na Marekani, ambako sokwe waliofunzwa walikuwa kivutio cha sarakasi, filamu na televisheni kwa karibu karne nzima. Wengi wa wanaozisimulia walikuwa na mapenzi ya kweli kwa wanyama wao. Hata hivyo, msomaji akihesabu miaka atagundua kwamba takriban zote ni kumbukumbu za mtoto. Sokwe wa jukwaani alifanya kazi angali mdogo. Yaliyompata kabla ya kufika mikononi mwa mfunzi wake, na yaliyomfuata baada ya kuondolewa jukwaani, aghalabu hayamo katika simulizi hizo.

Siri ya nguvu zake

Bob na Mae walianzia katika maonyesho ya kuuza dawa, biashara iliyokuwa maarufu Marekani wakati huo. Wasanii waliimba, wakacheza na kufanya vichekesho bila malipo, na umati ulipokwisha kukusanyika, muuzaji alitokeza na chupa za dawa zilizodaiwa kutibu kila maradhi. Mwenye maonyesho ya aina hiyo alihitaji kitu ambacho jirani yake hakuwa nacho, na sokwe alikuwa kitu hicho.

Sokwe hawakuingia ulingoni wakiwa huru. Walifungwa mdomo ili wasiume, na mikono yao ikavishwa glavu. Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Meno ya sokwe dume ni marefu na makali, na katika mapigano ya msituni sokwe huwalenga wenzao usoni, vidoleni na sehemu za siri.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba sokwe ana nguvu mara tano, hata mara kumi, kuliko binadamu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliipunguza hesabu hiyo. Misuli ya sokwe ilionekana kuishinda ya binadamu kwa takriban mara 1.35 tu ikilinganishwa kwa ukubwa sawa. Sababu ni kwamba takriban thuluthi mbili ya nyuzi za misuli ya sokwe ni zile zinazokaza kwa haraka na kwa kishindo. Kwa binadamu, nyuzi nyingi ni zile za polepole, zinazomwezesha kutembea au kukimbia masafa marefu bila kuchoka.

Kwa maneno mengine, mkulima wa Georgia angeweza kumshinda sokwe katika mbio za masafa marefu. Katika mvutano wa sekunde chache hakuwa na nafasi. Isitoshe, sokwe hushika kwa mikono na kwa miguu pia, kwa hivyo aliyepanda ulingoni alipambana na mpinzani mwenye mikono minne.

Chai ya Kericho, karamu ya London

Nchini Uingereza sokwe hakupewa glavu, bali kikombe cha chai. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1972, bustani ya wanyama ya London iliwaandalia sokwe wadogo karamu za chai mbele ya umma. Walivishwa nguo, wakaketishwa mezani na kupewa vikombe, sahani na birika, huku watoto wa shule wakivunjika mbavu kwa kicheko.

Frans de Waal, mtaalamu wa tabia za sokwe aliyefariki mwaka 2024, alisimulia katika maandishi yake kwamba karamu hizo zilipata tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia. Sokwe waliimudu adabu ya mezani upesi mno. Walikunywa kwa utulivu na kusubiri zamu zao. Watazamaji hawakuwa wamelipa kiingilio ili kuona sokwe mwenye adabu kuwazidi watoto wao, kwa hivyo ikabidi wanyama hao wafunzwe upya. Safari hii walifundishwa utundu: kurusha vyakula, kutumbukiza vikombe ndani ya birika na kunywea kwenye mdomo wa birika.

Kampuni ya Brooke Bond, iliyojulikana sana nchini Kenya kwa mashamba yake ya majani chai huko Kericho, ililichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye televisheni. Kuanzia mwaka 1956 sokwe waliovishwa nguo za watu walitangaza chai yake ya PG Tips, huku waigizaji wakiwatilia sauti. Matangazo hayo yaliendelea, yakikatizwa hapa na pale, hadi mwaka 2002.

Kwa miaka mingi waigizaji hao wenye manyoya walitoka kwa wanawake wawili, Molly Badham na Nathalie Evans, waliokuwa wauzaji wa wanyama wa kufugwa kabla ya kufungua bustani ya wanyama ya Twycross mwaka 1963. Fedha za matangazo ya chai zilisaidia kuijenga bustani hiyo. Bi Badham, aliyefariki mwaka 2007, aliwalea baadhi ya sokwe hao ndani ya nyumba yake kama anavyolelewa mtoto mchanga.

Gharama ya malezi hayo ilionekana baadaye. Choppers na Louis, sokwe wawili waliong'ara katika matangazo hayo, waliishi wawili peke yao kwa miaka mingi huko Twycross. Kwa kuwa walikuzwa na watu, haikuwa rahisi kuwachanganya na sokwe wenzao. Sokwe huzaliwa na uwezo wa kuwa sokwe, lakini lugha ya kundi lake, yaani ni nani wa kuinamiwa, namna ya kuomba radhi na wakati wa kuchanua manyoya ya mwenzake, huifunza kwa kumtazama mama yake. Asiyeifunza utotoni huwa mgeni miongoni mwa ndugu zake. Choppers alifariki mwaka 2016, akiwa wa mwisho kati ya sokwe wa chai waliosalia Twycross.

Tabasamu ambalo si tabasamu

Kipo kitu kimoja katika picha za sokwe wa jukwaani ambacho kimewadanganya mamilioni ya watu. Sokwe huonekana amefunua midomo, safu zote mbili za meno zikiwa nje, na mtazamaji husema: tazama anavyofurahi.

Wanaojifunza maisha ya sokwe wanaieleza sura hiyo kwa namna tofauti kabisa. Sokwe anayefunua meno ya juu na ya chini kwa pamoja mara nyingi ni sokwe mwenye hofu, au anayemnyenyekea aliye na nguvu kumliko. Sokwe anayecheza na kufurahi huuacha mdomo wake wazi na umelegea, mdomo wa juu ukiyafunika meno ya juu, huku akihema kwa sauti inayofanana na kicheko cha chini chini. Sura hiyo ya furaha haivutii sana kwenye picha. Ile ya woga ndiyo iliyochapishwa kwenye kadi za salamu, mabango na majalada.

Sokwe alifunzwaje kuionyesha kila alipoamriwa? Tunda na peremende vilikuwa sehemu ya mafunzo, na wafunzi huvitaja bila kusita. Lakini sokwe ni mnyama mwenye akili na nia yake mwenyewe. Akishashiba au akichoka, tunda halina uwezo tena wa kumwamuru. Wapo waliowahi kufanya kazi katika vituo vya mafunzo nchini Marekani ambao wameeleza hadharani kwamba sokwe wadogo walipigwa kwa ngumi na fimbo ili wamwogope mfunzi kuliko walivyotamani kucheza. Baadhi ya sokwe wa maonyesho waling'olewa meno kabisa ili wasiweze kuuma.

Si kila mfunzi alifanya hivyo, na wengi wamekana kwamba waliwahi kuinua mkono. Hata hivyo, aliyekuwa na huruma na asiyekuwa nayo walifikia ukingo ule ule, sokwe wao walipokua.

Ajira ya utotoni

Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na wafunzi wa sokwe waliufuata ushauri huo kikamilifu. Sokwe alianza mafunzo akiwa na mwaka mmoja au miwili. Kufikia umri wa miaka saba au minane, kazi yake ya jukwaani aghalabu ilikuwa inaelekea ukingoni. Amekwisha kupata nguvu za kumshinda mtu mzima, na ameanza kupima ni nani mkubwa kati yake na mfunzi wake. Katika kundi la msituni kijana dume hufanya vivyo hivyo: hupanda cheo kwa kuwatisha majike mmoja baada ya mwingine, kisha huwageukia madume.

Mfano mmoja ni J. Fred Muggs, sokwe aliyezaliwa Cameroon mwaka 1952 na kupelekwa Marekani akiwa mchanga. Mwaka 1953 aliingizwa katika kipindi cha asubuhi cha Today katika runinga ya NBC, na umaarufu wake ukakiokoa kipindi kilichokuwa kikiyumba. Alivishwa suti, akazungushwa katika nchi mbalimbali, na watoto wakanunuliwa vitabu na vikaragosi vyenye sura yake. Mwaka 1954 alimuuma mchekeshaji Martha Raye. Kufikia mwaka 1957 alikuwa ameondoka katika kipindi hicho. Nyota huyo alikuwa na umri wa miaka mitano tu.

Wasomaji wengi watamkumbuka pia Bubbles, sokwe wa mwanamuziki Michael Jackson. Alizaliwa mwaka 1983, na mwaka 1987 alisafiri na mwenyewe hadi Japani, ambako alikunywa chai pamoja na meya wa jiji la Osaka. Alipokua na kuwa hatari, alirudishwa kwa mfunzi wa wanyama. Mwaka 2005 alipelekwa katika makao ya kuwatunza sokwe ya Center for Great Apes huko Wauchula, Florida, yaliyoanzishwa na Patti Ragan mwaka 1993. Huko hakuna jukwaa wala suti.

Mwisho wa Travis ulikuwa wa kusikitisha zaidi. Alitengwa na mama yake siku chache baada ya kuzaliwa mwaka 1995, akalelewa katika nyumba ya watu jimboni Connecticut na kutumiwa katika matangazo ya biashara. Alikula mezani, akajifungulia milango na kufahamika na polisi wa mtaa. Mnamo Februari 16, 2009, akiwa na uzani wa takriban kilo 90, alimshambulia rafiki wa mwenye nyumba na kumharibu uso na mikono. Mwanamke huyo alinusurika lakini akapoteza uwezo wa kuona. Travis aliuawa kwa risasi na polisi.

Sokwe anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Kwa hivyo yule anayestaafishwa akiwa na miaka minane ana zaidi ya miaka 40 mbele yake. Katika enzi ya sarakasi, miaka hiyo iliishia katika vizimba vya nyuma ya nyumba, bustani za wanyama za barabarani, maabara za utafiti wa dawa, au kwa wafugaji waliowatumia kuzalisha sokwe wengine wa kazi.

Bob na Mae Noell hawakuwauza wazee wao. Waliwapeleka Florida, katika kiwanja chao kilichokuja kufahamika kama Chimp Farm, na kuendelea kuwalisha. Hata hivyo, mapenzi pekee hayakutosha. Mume alifariki mwaka 1991. Mwaka 1999 kituo hicho kilifungwa kwa umma baada ya hali ya vizimba kulalamikiwa, na mwaka uliofuata Mae naye akaaga dunia. Kilifunguliwa tena mwaka 2008 kikiwa makao ya hifadhi yenye jina jipya la Suncoast Primate Sanctuary.

Mama aliyebaki msituni

Mwanzo wa hadithi hiyo uko barani Afrika. Kabla ya sheria za kimataifa kuidhibiti biashara ya wanyama adimu katika miaka ya 1970, sehemu kubwa ya sokwe waliofika katika sarakasi za Ulaya na Marekani walinaswa katika misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Walichukuliwa wakiwa wachanga kwa sababu mkubwa habebeki wala hafunziki. Na mama sokwe hamwachilii mwanawe. Njia ya kumpata mtoto ilikuwa kumpiga mama risasi, na mara nyingi jamaa wengine waliojaribu kumtetea. Mchezo wa paka, mauti ya panya.

Ukubwa wa hasara hiyo ulianza kufahamika baada ya Julai 1960, pale Jane Goodall alipofika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Katika miezi ya kwanza aliwashuhudia sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, kazi iliyodhaniwa kuwa ya binadamu pekee. Lakini yaliyo na uzito zaidi kwa hadithi ya sarakasi ni yale aliyoyaona kati ya mama na mtoto.

Sokwe hunyonya kwa miaka minne hadi mitano, hulala na mama yake katika kiota kimoja na kuendelea kumfuata kwa miaka kadhaa baada ya kuachishwa ziwa. Huko Gombe, jike mzee aliyeitwa Flo alifariki mwaka 1972. Mwanawe wa kiume, Flint, alikuwa na umri wa takriban miaka minane. Hakukosa chakula, na ndugu zake wakubwa walikuwapo. Lakini alikataa kula, akajitenga, akazorota, na kabla mwezi haujaisha akafa.

Miaka minane ndiyo umri ambao sokwe wa sarakasi alihesabiwa kuwa mzee wa kazi.

Bi Goodall aliendelea kuwatetea sokwe hadi alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na mojawapo ya matunda ya juhudi zake liko karibu kuliko wengi wanavyodhani.

Poco wa Bujumbura na makao ya Laikipia

Kenya haina sokwe wa msituni. Mahali pekee nchini ambapo mtu anaweza kuwaona ni makao ya Sweetwaters katika hifadhi ya Ol Pejeta, kaunti ya Laikipia, si mbali na mji wa Nanyuki. Makao hayo yalianzishwa mwaka 1993 kwa mapatano kati ya hifadhi hiyo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) na taasisi ya Jane Goodall. Sokwe wa kwanza walitoka Bujumbura, Burundi, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimelipuka. Kundi jingine lilifuata mwaka 1995.

Miongoni mwao alikuwamo Poco. Huyu hakuwahi kufanya sarakasi, lakini alifanya kazi ile ile ya kuvuta wateja. Kwa takriban miaka tisa alifungiwa katika kizimba chembamba kilichotundikwa juu mbele ya biashara moja mjini Bujumbura, ili wapita njia wasimame wamtazame, kisha waingie kununua. Kizimba hakikumruhusu kukaa wala kutembea kwa mikono na miguu kama ilivyo desturi ya sokwe, kwa hivyo alikua akiwa amesimama wima.

Alipofikishwa Laikipia na kufunguliwa kwenye nyasi, Poco aliendelea kutembea kwa miguu miwili. Wageni wengi waliomwona walicheka na kupiga picha, wakidhani amefunzwa kumwiga binadamu. Mwendo huo ulikuwa alama ya kizimba, kama kovu.

Biashara yenyewe bado haijafa. Mwaka 2005 sanduku lenye sokwe wachanga lilinaswa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, na walionusurika wakapelekwa Sweetwaters. Soko la sasa si la hema la sarakasi. Wapo matajiri wanaotaka sokwe mdogo wa kuchezea sebuleni, bustani za wanyama za watu binafsi zinazotaka kivutio, na video fupi za mitandaoni zinazomwonyesha sokwe aliyevishwa nepi akinyonya chupa.

Sheria na macho ya watazamaji

Mengi yamebadilika tangu enzi ya familia ya Noell. Mwaka 2009 Bolivia ilipiga marufuku wanyama wote katika sarakasi. Mwaka 2015 Marekani iliwaweka sokwe wote, wa msituni na wa kufugwa, katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Awali wale wa kufugwa walikuwa wameachwa nje ya orodha hiyo, na mwanya huo ndio uliowanufaisha wafunzi na maabara. Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaondoa wanyama pori katika sarakasi za kusafiri mwaka 2019. Sarakasi mashuhuri ya Ringling Bros. ilifunga hema mwaka 2017, na iliporejea mwaka 2023 haikuwa na mnyama hata mmoja.

Lakini sheria haiwezi kumfuata kila mtu kwenye simu yake. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu matangazo mbalimbali ya runinga. Waliotazama sokwe waliovishwa nguo za binadamu walikuwa wagumu zaidi kutoa fedha za kuwahifadhi sokwe kuliko waliotazama sokwe wa kawaida. Utafiti mwingine wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliojua kuwa sokwe yumo hatarini walikuwa wachache kuliko waliojua hivyo kuhusu gorila. Mnyama anayeonekana kila siku kwenye runinga akiendesha baiskeli hawezi kudhaniwa kwamba anatoweka.

Hapa ndipo kumbukumbu za wafunzi zinapokuwa na thamani ambayo wao wenyewe huenda hawakuikusudia. Kila mfunzi anaposimulia jinsi sokwe alivyotambua hatua zake gizani, alivyojua mzaha na alivyoomboleza, anatoa ushahidi kwamba kiumbe huyo hakustahili kuwa mali ya mtu. Watu wachache wameishi karibu na sokwe kwa kiwango hicho, na ushuhuda wao haupaswi kutupwa kwa sababu ya kazi waliyoifanya.

Unachohitaji ni kukamilishwa. Kwa kila sokwe aliyepanda jukwaani akiwa na miaka mitatu, palikuwa na mama aliyeuawa au aliyenyang'anywa mwanawe, na miaka 40 ambayo ilibidi mtu fulani ailipie. Leo gharama hiyo inabebwa na makao kama Sweetwaters, ambayo huwanunulia chakula, dawa na ulinzi wanyama ambao wengi wao hawawezi tena kurejeshwa msituni.

Anayekutana na video ya sokwe mdogo akicheka mitandaoni ana swali moja la kujiuliza kabla ya kuisambaza kwa marafiki: mama yake yuko wapi?